Nanga Niliyosema Nimeitazama

Ninyi vijana mnaonisimamisha hapa Kisondela kuniuliza kazi ya boti inapatikanaje, nimechoka kuwajibu nusunusu barabarani huku mvua inatunyeshea. Leo goti limenikatalia kwenda shambani, na maparachichi yenyewe hayajafikia kuchumwa, kwa hiyo nimekaa kuandika. Nitasema yote, pamoja na lile ninalolirukaga kila mkiniuliza. Mshukuru kuwa nimeandika na si kusema, maana nimefanya kazi na watu wa pwani zaidi ya miaka ishirini na bado nikisema "zawadi" wajukuu wanasikia "sawadi", wanaanguka kwa kicheko.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Sikuwa kwenye meli za mizigo. Nilifanya kazi kwenye boti za matanga, zile ndogo za wageni wanaozunguka dunia taratibu, watu watatu au wanne ndani, kitanda chako na jiko vimetenganishwa na pazia. Wageni hao wakifika kwetu hupenda kwanza kutembea visiwani: Unguja, Mafia, Songosongo, Kilwa. Leo wanatia nanga hapa, kesho pale, wanafua nguo, wanatengeneza kilichoharibika. Halafu siku moja wanajaza maji na mafuta, wanakata bahari yenyewe, siku nane, siku kumi, bila kuona ardhi. Watu wote huogopa hizo siku kumi. Mimi nawaambia katikati ya bahari hakuna cha kugonga. Boti hufia karibu na nchi kavu, pale mtu alipotia nanga akaenda kulala.

Nilianza kama fundi wa injini za dizeli kwenye kiwanda cha chai huku kwetu. Kazi ilipopungua nikaenda Dar es Salaam, nikawa nazungukazunguka Msasani nikiuliza nani ana injini mbovu. Ndipo nikampata Kapteni Hendriki. Alikuwa mgeni, lakini alikuwa amejenga madaraja nchini kwetu tangu ujana wake na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa amestaafu, mjane, na boti yake ilikuwa imekaa wiki nzima haiwaki. Nikafungua, nikakuta maji kwenye mafuta. Nikayamwaga, nikatoa hewa kwenye mabomba, ikawaka. Akafurahi sana.

"Unatoka wapi, fundi?"

"Bagamoyo."

"Bagamoyo! Basi wewe ni mtu wa bahari. Nahitaji mtu kama wewe. Nakwenda Shelisheli."

Ninyi mnajua, na mimi nilijua, kwamba nilizaliwa Bagamoyo ya Tukuyu mjini, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona ni yale yanayotiririka barabarani mwezi wa nne. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza neno moja tu: "ya Tukuyu". Sikuliongeza. Nikasema, "Naam, Kapteni," na kazi nikapata.

Siku ya kwanza ndani ya boti nikaaibika. Pale alikuwepo baharia mmoja mzee kutoka Tumbatu, Mzee Makame, ambaye Kapteni alimchukua kwa sababu anavijua visiwa. Tulipokuwa tunatoka Mzee Makame akaniita kwa sauti, "Asajile, nenda tezi!" Kwetu Rungwe tezi ni ule uvimbe wa shingo. Nikasimama nimejishika koo, nadhani ameniona naumwa. Mzee akanitazama muda, akaja polepole, akaninong'oneza, "Tezi ni nyuma ya chombo, mwanangu. Mbele ni omo." Baadaye, nilipokuwa nimejiinamia ndoo natapika, akanikalia jirani.

"Umetoka Bagamoyo ipi wewe?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akafuta machozi. Nikamwomba asiseme kwa Kapteni.

"Mimi sitasema," akanijibu. "Ila wewe useme. Leo au kesho. Uongo wa aina hii baharini unakua."

Kesho yake sikusema. Wala keshokutwa.

Mzee Makame alinifundisha kila kitu kilichokuja kunilisha maisha yangu yote. Kuogelea alinifundishia Mafia, kwenye maji ya kiunoni, amenishika tumboni kama mchungaji anayebatiza mtu mzima. Kusoma maji alinifundishia juu ya omo: buluu iliyokolea ni kina, kijani cheupe ni mchanga, kahawia ni mwamba au majani. Na uingie nangani jua likiwa utosini au mgongoni kwako, likikupiga machoni huoni kitu. Cheni ya nanga toa mara tano ya kina cha maji, upepo ukizidi mara saba, na usimwonee mtu aibu kwamba unatoa nyingi. Ukishatoa, weka kiganja kwenye cheni. Ikitetemeka kama gari kwenye barabara ya mawe, nanga inakwaruza mwamba. Ikivuta kimya na kusimama, imeshika. Halafu tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, labda mnazi na paa la nyumba. Vikianza kuachana, boti inatembea.

"Na mwisho wa yote," alikuwa akisema, "zama ukaitazame. Usiniamini mimi, usiiamini cheni. Amini macho."

Yeye alizama kila siku, kila kituo, mtu wa umri wake. Anavua shati, anajitupa, anarudi juu anapuliza maji, anasema tu, "Imelala vizuri," kama anayezungumzia mtoto.

Siku hizi mna simu zinazowaonyesha mlipo. Nzuri, mimi sizipingi. Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilikuwa na kapteni mmoja kijana ambaye hakutoa macho kwenye kioo chake. Siku moja tumetia nanga Kilwa, maji safi pande zote, akaniita kwa hofu: kioo kinasema tuko juu ya kilima. Nikamwambia, "Kapteni, inua kichwa." Ramani ilikuwa imekosea mita mia kadhaa. Tungekuwa tumeifuata tukiingia, tungepanda kweli. Tulicheka wote, ila mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa najua jinsi boti inavyolia ikigonga.

Narudi kwa Mzee Makame. Jambo mnalopaswa kulijua ni hili: tangu ujana wake alikuwa akizisindikiza boti za wageni mpaka kituo cha mwisho, na hapo anashuka. Wao wanakata bahari, yeye anarudi kwao. Hakuwahi hata mara moja kwenda upande wa pili. Safari hii Kapteni Hendriki alikuwa amemkubalia. Tulikuwa tukifika kisiwani anawaambia watu, bila wao kumuuliza, "Mimi safari hii nakwenda Shelisheli." Alikuwa amenunua sweta la mtumba, zito, la kijani, kwa sababu alisikia mbali baharini kuna baridi. Kila tukipakua vitu analitoa, analikung'uta, analikunja upya. Mimi nimezaliwa kwenye baridi, nikamwambia hilo sweta litakuchemsha. Akasema, "Acha nichemke."

Tulikuwa kwenye kisiwa kidogo karibu na Songosongo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mzee Makame alikuwa anaumwa sikio siku mbili, hawezi kuzama. Akachagua mahali, tukashusha nanga, akaweka kiganja kwenye cheni, akatikisa kichwa kidogo.

"Imeshika, lakini siipendi," akaniambia. "Nakwenda kijijini kutafuta maji ya kunywa. Wewe zama ukaitazame. Ukiona iko ukingoni mwa mwamba, mwambie Kapteni muihamishe hatua thelathini kule kwenye weupe."

Akaingia kwenye kidau chetu, akapiga makasia.

Kina kilikuwa kama mita saba. Jana yake nilikuwa nimeona mzia chini ya boti, samaki mrefu mwenye meno kama msumeno, amesimama tu ananitazama. Nilikuwa naweza kuogelea wakati huo, lakini kuweza si kupenda. Nikakaa omo, miguu nje, nikayaangalia maji. Nikajiambia cheni imetulia. Nikajiambia mzee amezoea kuhangaika bure. Kapteni akatoa kichwa, macho mekundu, maana alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri.

"Umeitazama?"

"Nimeitazama, Kapteni. Imezama kwenye mchanga mpaka shingoni."

Shingoni! Hata sijui hilo neno nililitoa wapi.

"Mtu wa Bagamoyo akisema imeshika, imeshika," akasema, akaenda kulala.

Baada ya saa mbili hivi upepo wa kusi ukaongezeka. Mimi nilikuwa chini nasafisha chujio la mafuta, sikuwa na habari ya mnazi wala paa la nyumba. Kwanza nikasikia mkwaruzo mrefu. Halafu boti ikagonga, mshindo kama mtu ameangusha gunia la viazi juu ya bati, halafu ikainuka na wimbi na kugonga tena. Kapteni alirushwa kutoka kitandani, akapasuka paji la uso. Nikawasha injini, lakini usukani haukugeuka. Tulikuwa juu ya mwamba, nyuma imekaa, na kila wimbi linatupandisha zaidi.

Aliyetuokoa ni Mzee Makame. Alituona kutoka ufukweni boti inatembea, akaacha madumu ya maji mchangani, akaja kwa makasia dhidi ya upepo. Hakuuliza kitu. Akachukua nanga ya akiba, akaipakia kwenye kidau, akaipeleka kwenye kina, akaitupa, akapaza sauti, "Vuteni!" Tukavuta mimi na Kapteni, damu inamtoka usoni. Bahati njema maji yalikuwa yanajaa. Baada ya muda boti ikateleza, ikaelea. Maji hayakuingia ndani, ila chuma cha usukani kilikuwa kimepinda.

Tukapandisha nanga kubwa. Ilikuja na kipande cha jiwe la matumbawe kwenye makucha yake.

Kapteni akalishika lile jiwe. "Mchanga gani huu, Mzee Makame?"

"Mchanga upo, Kapteni. Nanga imeangukia ukingoni mwake."

"Ilitazamwa?"

"Ilitazamwa," nikasema mimi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Mzee Makame akanigeukia. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, halafu akageuka, akaanza kukunja kamba.

Tulijikokota mpaka Kilwa. Tulikaa pale kama wiki mbili, tukailaza boti mchangani maji yakipwa, mimi na fundi mmoja wa kuchomelea tukakinyoosha kile chuma. Kazi ile niliifanya kwa juhudi ya ajabu. Kapteni alinisifu. Kwa Mzee Makame hakuwa akisema zaidi ya salamu, na mzee hakuwa akijitetea. Asubuhi ya mwisho Kapteni akatuita wote wawili.

"Mzee Makame, umetuokoa, nashukuru. Lakini ni wewe uliyetuweka pale; Asajile alitazama nanga tu, mwamba wa jirani ulikuwa wa kuonwa na wewe. Huko ninakokwenda siwezi kwenda na mtu ambaye sina uhakika tena na macho yake. Utashuka hapa."

Mzee hakubadilika uso. "Sawa, Kapteni." Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya Kapteni, "Asajile, una neno lolote?"

Vijana, nafasi nyingine mtu anapewa kwenye sahani namna hiyo. Kapteni alikuwa amesimama pale, anasikiliza. Nilihitaji kusema sentensi moja. Nikafikiria kwamba nitashushwa mimi, nitarudi Msasani kuuliza nani ana injini mbovu. Nikasema, "Safari njema, mzee."

Yeye ndiye aliyekuwa anabaki. Mimi ndiye niliyekuwa nasafiri.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake, na lile sweta mkononi. Akanipa. "Chukua. Huko kuna baridi." Nikalichukua. Hata kulikataa sikuweza.

Tulikwenda Shelisheli siku tisa. Upepo ulikuwa mzuri, injini haikusumbua, chakula hakikuharibika. Nilipika ndizi kwa nyama ya makopo, mbalaga ya kubahatisha, Kapteni akaomba nyingine. Mtu angesema ni safari ya heri. Mimi zamu zangu nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Siku ya saba Kapteni akaniambia, "Wewe utakuwa kapteni siku moja," nikaweka sahani chini.

Tulipotia nanga Shelisheli nikazama kuitazama, bila kuambiwa. Niliporudi juu, maji yananitiririka, nikamweleza Kapteni yote: ile nanga, na Bagamoyo ni ipi. Hakufoka. Alikaa na kikombe chake mpaka kahawa ikapoa.

"Kwa nini unaniambia sasa?" akauliza. "Ungesema Kilwa, ningemchukua yeye."

"Najua, Kapteni."

"Nilikuwa na baharia, nikamwacha ufukweni, nikaondoka na wewe."

Hakunifukuza hapohapo, hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliniacha nifanye kazi mpaka alipopata mwingine, akanikatia tiketi ya kurudi, akaniaga kwa mkono. Niliandika barua mbili kwake baadaye. Hakujibu.

Mnaniuliza kazi ya boti inapatikanaje. Inapatikana kwa kujua kitu kimoja vizuri, injini au kupika au kushona matanga, na kwa kwenda zilipo boti na kuuliza. Jifunzeni kuogelea kwanza. Mto Kiwira ni baridi lakini maji ni maji. Kushika nafasi ukishaipata, hilo ni jingine. Nilizama chini ya kila boti niliyoifanyia kazi baada ya hapo, visiwa vyote, miaka yote, hata mara ambazo kapteni aliniambia acha, maji machafu. Watu walinisifu kwa hilo. Sifa hizo sikuwahi kuzifurahia.

Tumbatu nilikwenda. Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata ujasiri, na nilijipa kila sababu: sina nauli, mvua, kazi. Nilipofika, binti yake alinionyesha nyumba. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, amekonda, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Asajile."

Akagonga kibaraza kando yake. "Mtu wa bara. Karibu. Kaa."

Binti akaleta maji na muhogo. Sikugusa. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka ovyo. "Mzee, ile nanga ya Songosongo. Sikuzama. Nilidanganya."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu akizama baharini akakauka bila kuoga, ngozi inabaki na chumvi nyeupe. Wewe siku ile ulikuwa unang'aa mafuta tu, kama unakwenda harusini."

"Sasa kwa nini hukumwambia Kapteni?"

"Angeamini? Mimi nilichagua mahali, wewe unasema ulitazama. Nilikuachia useme wewe." Akavuta sahani ya muhogo, akaipapasa, akanisogezea. "Kula."

Nikamwambia nimemtafutia nafasi. Kulikuwa na boti Unguja inayokwenda Shelisheli, mwenye boti nilikuwa nimeongea naye na amekubali. Mzee akatabasamu, akaelekeza kidole machoni kwake. "Haya yakaangalie nini?" Halafu akajiweka sawa, akaegemea ukuta. "Wewe niambie. Nimekusubiri kwa hilo. Mkishaacha kuiona nchi, rangi ya maji inakuwaje?"

"Buluu," nikasema.

"Buluu ipi? Ile ya huku kwenye kina, au nyingine?"

Nikafikiri. "Nyingine, nadhani."

"Na ndege wa nchi kavu? Waliacha kuwafuata siku ya ngapi?"

Sikujua.

"Wimbi la mbali linakuja kutoka upande gani, kusi yenyewe au matlai, mashariki zaidi? Nimesikia asubuhi yanagongana mawili."

Sikujua. Aliuliza kama jua linachomoza kwa ghafla huko au polepole. Aliuliza harufu ya Shelisheli, kama inaanza kusikika kabla ya kuiona ardhi. Aliuliza mambo ambayo mtu angeyauliza kama amekaa maisha yake yote akiyawaza, na mimi niliyekuwa nimekaa siku tisa pale juu, macho yangu mazima, nilikuwa na majibu mawili au matatu, na hayo nayo sikuwa na uhakika nayo.

Mwisho akaacha kuuliza. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama anayejisemea, "Mimi ningeangalia."

Adhana ya alasiri ikasikika. Akanyoosha mkono hewani, nikaelewa, nikaushika. Nikamwongoza kwenye kichochoro mpaka msikitini, nikamwambia palipo na ngazi. Akavua kandambili zake mlangoni, akaingia akipapasa ukuta. Mimi nikabaki nje, nikazipanga pamoja, nikakaa karibu nazo kumsubiri.